Ndoo Kumi na Moja Zisizokuwepo

Shahada niliyosoma ilikuwa na vichwa viwili, na kila kichwa kilitazama upande wake. Jumatatu na Jumatano tulifundishwa usalama wa kompyuta: namna ya kufunga, namna ya kuzuia, namna ya kumshuku kila mtu hadi athibitishe kwamba ndiye. Jumanne na Alhamisi tulifundishwa ubunifu na ujasiriamali: namna ya kufungua, kukaribisha, kumlainishia mteja njia hadi asijue kama amepita mlangoni. Ijumaa ilikuwa yetu wenyewe, ya kujaribu kuviunganisha vichwa hivyo kwenye shingo moja.

Mwalimu wetu wa usalama, mtu mrefu aliyezoea kusema huku amefumba macho, alituambia kwamba mfumo ambao kila mtu anautumia kwa raha, mwizi naye atautumia kwa raha. Mwalimu wa ujasiriamali, mama aliyekamua na kuuza mafuta ya alizeti miaka mingi kabla ya kurudi darasani, alisema mfumo ambao hakuna anayeuweza ni kaburi lenye kufuli. Sisi tulikaa katikati na madaftari yetu. Nilimwamini huyu nikiwa darasani kwake, na yule nikiwa darasani kwake, nikirudi bwenini nilikuwa simwamini yeyote.

Mwaka wa mwisho vichwa hivyo vilitakiwa vilale mto mmoja. Kila mwanafunzi alipaswa kubuni mfumo, auweke mikononi mwa watu halisi nje ya chuo katika likizo ndefu yote, kisha arudi kuutetea mbele ya walimu. Juu ya hayo, kila mmoja alipangiwa mwenzake wa darasa wa kumvamia. Ndivyo tulivyomwita, mvamizi. Kazi yake ilikuwa kuuvunja mfumo wako kwa njia yoyote isiyo jinai, bila kukuarifu, na ripoti yake ilisomwa siku ile ile ya utetezi. Akiuvunja, yeye alipata alama. Akiuvunja nawe ukashindwa kuutengeneza kabla ya likizo kuisha, ulirudia mwaka mzima. Nilikwisha kuona waliorudia. Walikaa viti vya nyuma na wadogo zao, wakiandika tena maelezo ambayo tayari waliyajua kwa kichwa.

Mvamizi wangu alikuwa kijana wa Sekenke, mtoto wa wachimbaji wadogo, mwembamba, mcheshi, Mnyiramba asiyeacha kunitania mimi Mnyaturu tangu mwaka wa kwanza. Majina yetu yalipobandikwa pamoja ubaoni alikuja akakaa mezani kwangu bila kukaribishwa.

"Dada, pole," alisema. "Mimi nimekulia kwenye mashimo. Nikiona ukuta natafuta ufa kwanza, salamu baadaye."

Nilimwambia ukuta wangu hautakuwa na ufa. Alicheka mpaka akafuta macho, akaniambia hiyo sentensi niiandike kwenye ripoti jinsi ilivyo.

Nilichagua asali kwa sababu ya mjomba wangu, kaka yake mama, aliyehama Ikungi akiwa kijana akaenda kuishi Mitundu, huko upande wa Itigi ambako vichaka hushikana hata ng'ombe wakakosa pa kupita. Alikuwa na shamba, mbuzi wachache, na mizinga mingi porini. Yeye na wenzake walikuwa na kikundi cha warina asali, na kikundi kilikuwa na aibu ambayo haikuwa yake. Asali yao ilitoka Mitundu safi, ikapita mikono mingi njiani, na mahali fulani ambapo hakuna aliyepajua mtu aliichanganya na sukari. Wanunuzi wa mbali walipoionja hawakumlaumu wa njiani. Walisema watu wa Mitundu siku hizi wanapika asali jikoni. Maneno hayo yalirudi kijijini pamoja na ndoo zilizokataliwa, na mjomba aliyasikia akiwa stendi, mbele za watu.

Mfumo wangu ulikuwa rahisi. Kila ndoo ikipimwa ingepewa namba yake. Mwenye ndoo angethibitisha kwa simu yake, hata kitochi cha batani: nyota, namba ya ndoo, reli, kisha namba yake ya siri, basi. Mnunuzi popote alipo angetuma namba ya ndoo na kujibiwa imetoka kwa nani, pori gani, imerinwa lini. Ndoo isiyojulikana ingejulikana kwa kutojulikana kwake. Mama yangu, aliyekuwa akishona nguo kwenye baraza ya nyumba yetu Utemini, alinisikiliza nikieleza yote hayo huku akikata uzi kwa meno. Aliniuliza kama nina uhakika. Nikasema ninao. Akasema basi niende, ila nisimwaibishe kaka yake mara ya pili.

Nilifika Mitundu msimu wa kurina umeshika. Nilifundisha siku mbili, kwenye nyumba ya kukusanyia asali, chumba cha tofali chenye mzani, mapipa, na harufu ya nta ambayo hadi leo nikiisikia moyo wangu hukaa sawa. Niliwaamkia wazee mmoja mmoja, shikamoo baada ya shikamoo, ndipo nikaanza. Kila mmoja nilimpa namba yake ya siri kwenye kikaratasi. Nilieleza kwamba namba hii haiambiwi mtu, si mke, si mume, si mwenyekiti, si mimi. Bibi mmoja mwenye mizinga mingi kuliko wanaume wengi aliirudia kwa sauti ya darasani, haiambiwi mtu, na wote wakaitikia. Nilimaliza bila swali hata moja. Jioni niliandika kwenye ripoti kwamba mafunzo yamepokelewa vizuri sana.

Wiki tatu mambo yalikwenda kama nilivyoota. Ndoo ziliingia moja moja kwenye kompyuta yangu, kila moja na jina la pori lake. Nilizitazama kama mtu anayetazama mvua ikiandika juu ya vumbi. Nilianza hata kuandika hotuba ya utetezi, na kwenye kurasa za nyuma za daftari lile lile hadithi zangu, nikiamini kwamba vyote viwili vitamalizika vizuri.

Siku moja mjomba alinichukua porini asubuhi kuona mizinga inavyotungikwa. Tuliporudi, jua bado liko juu, nilimkuta kijana wa Sekenke amekaa kwenye kigoda uani kwa mjomba, anakunywa chai, na mke wa mjomba anamwongezea viazi. Alikuwa ameshuka kwenye basi la Itigi saa nne. Alisimama, akamwamkia mjomba kwa heshima zote, kisha akanigeukia.

"Fungua kompyuta yako," aliniambia.

Kulikuwa na ndoo kumi na moja mpya. Zilitoka kwa watu kumi na mmoja, kutoka mapori tofauti, zote zimethibitishwa sawasawa, nyota, namba, reli, namba ya siri. Niliangalia saa zake. Zilifuatana kwa dakika chache chache tangu saa sita.

"Nimerina zote hizo," alisema, "na hakuna nyuki aliyeniuma."

Mjomba alimtazama, akanitazama, akauliza ndoo zenyewe ziko wapi.

Kijana wa Sekenke alinipeleka mwenyewe kunionyesha. Karibu na stendi kulikuwa na kibanda chenye sola mbili juu ya bati, cha mama mmoja wa makamo aliyekuwa akichaji simu za kijiji kizima. Watu waliotoka mbali, wa mashambani na wa porini, waliacha simu zao kwake siku nzima, wengine siku mbili tatu, wakazipitia wakirudi. Zilipangwa kwenye rafu kama mikate, na kila moja ilikuwa na kipande cha selotepu mgongoni. Juu ya selotepu, kwa kalamu ya maka, paliandikwa jina la mwenyewe, na chini ya jina tarakimu nne.

Mvamizi wangu alikuwa ameweka simu yake ichajiwe, akaomba kukaa kivulini. Mama wa kibanda alikuwa peke yake na alitaka kwenda kuchota maji. Akamwambia mwanangu, niangalizie hapa. Namba za ndoo alibuni tu zilizofuata kwenye orodha, maana mfumo wangu haukuuliza kama mzani umezipima. Hapakuhitajika ufa. Ukuta mzima haukuwepo.

Sikumsubiri aseme zaidi. Nilimwendea yule mama nikiwa nimesahau hata kumwamkia, jambo ambalo bado linanichoma nikilikumbuka. Aliniacha nitulie, akanikumbusha kwa macho, nikasema shikamoo, akasema marahaba, ndipo akaniruhusu kuuliza. Nilimuuliza nani aliyeandika namba zile.

"Mimi," alisema. "Wengine wameandika wenyewe. Mtu yuko porini, ujumbe unaingia kwamba ndoo yake imepimwa. Ningefanyaje? Ningeiacha ndoo yake ikae?"

Nilimwambia niliwakataza.

"Ulisema haiambiwi mtu. Hatukumwambia mtu. Iko hapa hapa kwetu." Akaichukua simu moja akaifuta vumbi kwa upindo wa kanga. "Mwanangu, hapa nina simu za watu tangu wewe uko shule ya msingi. Nimewahi kumwibia nani?"

Nilimuuliza kwa nini basi hakuna aliyesema neno siku ile ya mafunzo, maana na yeye alikuwepo. Alisema nilikuwa nafundisha vizuri, na nimetoka mbali, na ni mtoto wa dada yake fulani. Nani angenikatiza?

Niliwapigia simu walimu wangu wote wawili. Wa usalama alisema, nami nikajua amefumba macho, nipige marufuku namba kuandikwa popote. Wa ujasiriamali alisema nisithubutu kupiga marufuku jambo ambalo watu wanalifanya kila siku ili waishi. Nilimsikiliza wa usalama, kwa sababu ndiye niliyemwogopa zaidi. Nilizunguka nikibandua selotepu kwa kucha. Niliwapa wote namba mpya, nikawataka wazikariri mbele yangu. Kijana wa Sekenke alikuwa ameondoka na basi la kesho yake, akiniachia ujumbe kwamba atarudi, na kwamba nisiache kula.

Ndani ya siku nne nusu ya kikundi walikuwa wamesahau namba zao. Mfumo uliwafungia nje, kama nilivyouagiza. Ndoo zilirundikana kwenye nyumba ya kukusanyia bila kuandikishwa, zikapandana hadi dirishani. Nilipofungua mfuniko wa betri ya kitochi cha bibi yule wa mizinga mingi, ili niangalie kama laini yake imekaa sawa, nilikuta karatasi ndogo imekunjwa mara nne. Namba ya siri ilikuwa humo. Alisema kwa upole kwamba sasa ameificha vizuri, kama nilivyotaka. Yeye na mama wa kibanda tu ndio wanaojua ilipo.

Nilienda kukaa nyuma ya nyumba kwenye jiwe. Nilihesabu wiki zilizobaki za likizo, na nilijiona kwenye kiti cha nyuma, mwakani, nikiandika tena yale yale. Sikulia. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa bado imewaelekea wao.

Mjomba alikuja akasimama mbele yangu akiwa na kamba begani. Alisema ana mizinga mitatu ya kuangalia upande wa mbali, kama nimechoka nibaki, kama sijachoka tuondoke. Nilisimama.

Hatukwenda wawili. Tulipita kwanza kwa jirani yake, mzee mfupi ambaye yeye na mjomba walikuwa na ugomvi wa muda mrefu kuhusu mbuzi walioingia shambani. Nilijua ugomvi ule, kila mtu aliujua. Walisalimiana kwa maneno machache, wakatangulia, wakatembea mwendo wa saa nzima wasisemezane, nami nyuma yao nikipangua matawi yasinipige usoni.

Mizinga ilikuwa magogo yaliyochimbwa, imening'inia juu ya miti. Kwenye kila mzinga palichongwa alama. Ya mjomba ilikuwa mistari miwili na kitu kama mwezi mchanga juu yake. Mti wa pili ulikuwa na mzinga wa ukoo mwingine, alama yake pembe tatu, na mwenyewe alikuwa Itigi wiki ile nzima. Asali ilikuwa tayari humo, nyuki walivuma hadi ukasikia meno yakitetema. Hapakuwa na uzio, wala mlinzi, wala nyumba karibu. Nilimuuliza mjomba ni nini kinachomzuia mtu kupanda akarina.

Alifikiri kama mtu aliyeulizwa kwa nini hatembei kwa mikono.

"Alama si inaonekana?" alisema.

Nikasema ndiyo maana nauliza. Inaonekana na kila mtu, anaweza kuichonga na yeye kwenye mzinga wake.

"Achonge. Halafu apande na nani?"

Akanieleza huku anafunga kamba kiunoni. Huku hakuna anayefungua mzinga peke yake. Lazima awepo mtu wa ukoo mwingine amesimama chini, tangu mtu anapopanda hadi ndoo inapofunikwa. Mwanzo ilikuwa kwa ajili ya kuanguka, maana mtu akianguka porini peke yake hupatikana na fisi. Lakini imekuwa ndivyo kwa kila kitu. Asali iliyorinwa na mtu peke yake haiingii kwenye pipa, hata awe mwenyekiti. Hakuna anayeuliza kama ameiba. Haiingii tu. Na alama wanaichonga kubwa, upande wa njia, ili kila apitaye aione na akiikuta mahali pasipo pake aseme.

"Mtu anayeficha alama yake," alisema, "sisi ndiye tunayemwangalia."

Nilimnong'oneza kwa nini basi anamchukua mzee yule, wakati ana marafiki. Mjomba hakunong'ona. Alisema kwa sauti ambayo mzee mwenyewe aliisikia: "Namchukua huyu kwa sababu hanipendi sana. Hawezi kunisemea uongo."

"Kweli kabisa," alisema mzee, akakaa chini kusubiri.

Nilikaa naye. Juu yetu mjomba alipanda na bomba lake la moshi wa kutuliza nyuki, na mimi kichwani nilianza kubomoa kila nilichojenga. Nilikuwa nimekuja na usalama wa siri kwa watu ambao usalama wao ulikuwa wa kuonekana. Niliwaambia wafiche, na kwao kuficha ndiko kulikokuwa na harufu ya wizi. Wakanikubalia kwa heshima, kisha wakaichukua siri yangu wakaifanya ya wote, wakaibandika mgongoni ionekane. Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa limekaa mbele yangu tangu siku ya kwanza, kwenye mafunzo yale yasiyo na swali hata moja.

Nilifanya kazi siku nane mfululizo kwenye nyumba ya kukusanyia asali, meza ikiwa ni pipa lililopinduliwa. Namba za siri nilizifuta zote. Simu za watu nazo niliziondoa kwenye mfumo, zikabaki kwenye rafu ya mama wa kibanda zikichajiwa kwa amani. Ilibaki simu janja moja ya kikundi, juu ya mzani, haina hata namba ya kuifungua. Ndoo ikipimwa, mwenyewe alisimama nayo, alama yake imeandikwa ubavuni kwa rangi, na pembeni yake alisimama mtu wa ukoo mwingine aliyekuwepo mzinga ukifunguliwa. Simu iliwapiga picha. Lakini kabla ya picha ilichagua yenyewe tendo moja la kufanya wakati ule ule, tofauti kila mara, ili mtu asilete picha ya juzi akasema ni ya leo.

Hapo tuligombana kidogo, kwa vicheko. Kwenye orodha yangu ya matendo niliweka kushika sikio. Ilimwangukia bibi wa mizinga mingi. Aliitazama simu, akanitazama.

"Nishike sikio kama mtoto aliyechelewa shule?" alisema. "Na huyu anipige picha?"

Mzee wa ugomvi wa mbuzi alianza kucheka, na chumba kizima kikafuata. Lakini bibi hakushika. Nilikaa naye na wengine wawili tukaipitia orodha upya, safari hii nikiuliza mimi na wao wakijibu. Tulibakisha kuinua kofia, kuonyesha vidole, kushika bomba la moshi, kugusa bega la mwenzako. Tulifuta kupiga magoti na kufumba macho. Hilo la mwisho nililifuta nikimkumbuka mwalimu wangu.

Kisha mwenyekiti akaongeza jambo ambalo halikutoka kwenye kitabu changu chochote. Kila Jumamosi, siku ambayo waliotoka msikitini Ijumaa na watakaokwenda kanisani Jumapili wote wana nafasi, ndoo zote za wiki zisomwe kwa sauti. Ndoo ikiitwa, mwenyewe aitike na shahidi wake aitike. Isiyoitikiwa inafutwa. Ni baada ya hapo tu namba yake inaanza kumjibu mnunuzi.

Kijana wa Sekenke alirudi likizo ikielekea mwisho, akakaa siku tano. Alijaribu kuingiza picha ya zamani, simu ikaikataa kwa sababu iliomba vidole vitatu naye alikuwa na picha ya kofia. Alitumia siku nzima kuichokoa simu kwa kompyuta yake, nikimpelekea chai, akarudi akaniambia programu niliiandika vizuri, jambo lililomuuma kulisema. Halafu Alhamisi, msimamizi wa mzani alipokwenda kula mchana, alichota maji, akajaza ndoo, akaichora alama ya pembe tatu, akawaita abiria wawili waliokuwa wakisubiri basi. Walifurahi kupigwa picha. Simu ikasema gusa bega, wakagusana mabega. Ikakubali.

Hakuniambia. Niliiona ndoo ile mpya kwenye orodha na sikuishuku.

Jumamosi alikuja akakaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Mwenyekiti alisoma, watu wakaitika. Alipofika kwenye ndoo ya pembe tatu akasoma pori, akasoma siku. Kimya. Mwenye alama ya pembe tatu alisema Alhamisi alikuwa anachimba choo. Mwenyekiti akasoma tena. Mama wa kibanda aliyekuwa amekaa mbele yangu aligeuka, taratibu, akamtazama kijana wa Sekenke kama anavyotazamwa mtoto mwenye unga mdomoni. Ndoo ikaletwa, ikafunguliwa, bibi akachovya kidole akalamba.

"Hii haijakomaa," alisema.

Siku ya utetezi niliingia kwenye chumba chenye meza ndefu na walimu watano. Niliwaonyesha yote, tangu selotepu. Sikuficha ndoo kumi na moja. Mwalimu wa ujasiriamali aliuliza maswali ya wanunuzi, nikayajibu. Kisha mwalimu wa usalama akafungua macho, jambo ambalo lilinitisha kuliko alipoyafumba.

"Siri yako iko wapi?" aliuliza. "Kila mfumo una kitu ambacho mvamizi hakijui. Chako ni kipi?"

"Hakuna, mwalimu. Anaweza kujua kila kitu. Hawezi kuwa watu wawili wa koo mbili ambao kijiji kinawafahamu."

Alisema hayo ni maelezo mazuri, lakini ni yangu mimi, na mimi ndiye ninayetaka kufaulu.

Kijana wa Sekenke alisimama na ripoti yake. Nilijua alichokuwa nacho mkononi. Angeweza kuishia kwenye picha ya wale abiria wawili. Simu yangu ilikubali, na kwa kanuni za idara hilo lingetosha kuhesabiwa kuwa ameuvunja mfumo baada ya kutengenezwa. Yeye angepata alama zote na mimi ningerudia mwaka. Alisoma polepole. Alisoma la kibanda, alisoma la picha ya zamani, alisoma la ndoo ya maji. Hakuweka karatasi chini.

"Ndoo hiyo ilikaa siku mbili," alisoma. "Jumamosi iliitwa kwa sauti mbele ya wanakikundi. Nilikuwa nimekaa humo. Iliitwa mara mbili. Sikuweza kuitika. Nathibitisha kwamba sikufanikiwa."

Mwalimu alimuuliza kama anajua sentensi ile inamgharimu nini. Alisema anajua.

Nilifaulu. Haikuwa alama ya juu kabisa, kwa sababu mwalimu wa usalama aliandika kwamba mfumo wangu utafanya kazi mahali watu wanapofahamiana, akauliza nitafanyaje siku kikundi kitakapokuwa kikubwa hadi wasifahamiane. Nimelibandika swali hilo ukutani juu ya meza ninayoandikia, na bado nalifanyia kazi.

Kijana wa Sekenke nilimkuta nje, ameegemea ukuta. Nilitaka kumshukuru, akanizuia kwa mkono. Alisema Wanyaturu wakianza kushukuru hawamalizi, nimnunulie soda.

Wiki iliyofuata nilikwenda Mitundu. Ndoo zilikuwa zinaondoka na namba zake, na wanunuzi wawili wa mbali walikuwa wameuliza na kujibiwa. Mjomba nilimkuta uani anasokota kamba. Nilimwamkia, nikamwambia nimefaulu. Hakuuliza alama wala cheti.

"Shahidi wako alikuwa nani?" aliuliza.

"Yule kijana wa Sekenke."

"Yule wa ndoo ya maji. Ni mtu wenu?"

"Hapana, mjomba. Angefaidika kama ningeanguka."

Aliitikia kwa kichwa, akakaza fundo la mwisho, akasimama. Aliitupa kamba begani akasema kuna mzinga uko tayari upande wa mbali, safari hii nipande mimi. Nikachukua bomba la moshi. Tulipofika njia panda nilitaka kushika moja kwa moja ya porini, akanivuta mkono. Tulipaswa kumpitia kwanza mzee wa mbuzi.